Ningu wa Alama ya Mkasi

Mi sili ningu. Watu wananishangaa: we mtu umeshinda mtoni miaka na miaka, samaki unamkataa vipi? Nawajibu kwamba tumbo halipatani naye. Uongo mtupu. Tumbo langu lilipatana naye vizuri sana, siku moja, Muyinga, nikalamba hadi mchuzi kwenye kidole. Ndiyo maana simli tena.

Ilikuwa miaka ya vita. Sisi ni watu wa Gitega, wa mtaa wa Waswahili. Baba fundi cherehani, mama muuza vitenge. Shule yetu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, nami nikabaki barazani kwa baba nashona vifungo vya mashati ya watu waliokuwa wakikimbia bila kurudi kuyachukua. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Muyinga. Mume wake, shemeji yangu, ndiye aliyeniondoa pale. Alikuwa anafanyia kazi ofisi ya uvuvi yenye chumba kimoja tu hapo Gitega, akaja siku moja na koti lake refu la mvua, akamwambia baba, "Baba mkwe, huyu anajua kuandika na haogopi maji. Nipe mi nikae naye." Baba hakuwa na cha kunipa cha safari, akachomoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi akanitia mkononi. Mama akanipa kitenge cha njano cha kujifunika. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyonimaliza.

Kituo chetu kilikuwa chini ya kilima cha Mwakiro, kwenye kijito kinachoingia mto Ruvubu. Ningu ni samaki wa Ruvubu. Mvua za kwanza zikichafua maji, wanaacha mto mkubwa na kupanda vijito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Wakimaliza, wanashuka. Ukiwashika wakiwa wanapanda, mayai yote yanaishia kwenye sufuria, na baada ya misimu michache utavua vyura. Kwa hiyo sisi tulihesabu wanaopanda, tukangoja dalili kwamba wameanza kushuka, na siku hiyo, si kabla, tukawafungulia watu wa kilimani waje na migono yao, vile vikapu virefu vya matete vya kutegea samaki. Nyavu zilikatazwa kabisa.

Kuhesabu samaki si mchezo. Tulifunga uzio wa matete toka ukingo hadi ukingo, tukaacha mwanya upana wa mlango, na chini ya mwanya tukalaza bati tulilopaka rangi nyeupe. Ningu akipita juu ya bati unaona mgongo wake mweusi. Mfuko wa kulia unajaza maharage. Kila samaki kumi wakipita, unahamisha harage moja kwenda mfuko wa kushoto. Shemeji ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mcheshi, mungu wangu, mtu wa kukuchekesha hadi unasahau milio ya bunduki ng'ambo ya mto. "Usipepese macho, shemeji," alikuwa anasema. "Ukipepesa, hiyo samaki iko naenda kutusema kwa wenzake." Siku mvua iliponikuta bila kitu, alivua koti lake akanivika, yeye akalowa. Nilimpenda kuliko kaka zangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa mkono unakataa.

Mkasi wa baba tuliutumia hivi: kila asubuhi tulikamata wachache wa wale wanaopanda, tukawakata kipande kidogo kwenye pezi la mgongo, pembe tatu, kama fundi anavyotia alama pindo la suruali, tukawaachia upande wa juu wa uzio waendelee na safari. Tukianza kuwaona hao wa alama wakirudi kwa bati kutoka juu, basi, wameshataga. Hiyo ndiyo dalili tuliyokuwa tunaingoja. Ofisi ya Gitega ilisubiri daftari letu la hesabu; kilima chote kilisubiri kitenge cha mama.

Maana kuwaita watu haikuwezekana. Siku zile watu wakikusanyika, askari wanakuja kuuliza wanapanga nini. Basi nikatundika kitenge cha njano juu ya mti mrefu pale ukingoni, kinaonekana toka kilele. Kikiwa juu: ningu wanapanda, mtu asitie mguu. Kikishuka: njoo na mgono wako. Hilo lilikuwa wazo langu, na nililionea fahari kupita kiasi.

Aliyelikubali wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyekaa na wajukuu zake watano kwenye nyumba ya juu kabisa. Walikuwa wamekimbia wakati wa kupanda, wakarudi wakati wa kupalilia, na shamba lisilopandwa halipaliliwi. Maharage yao yangekuja miezi mingi mbele. Katikati hapo palikuwa na shimo, na bibi alikusudia kulijaza kwa ningu wa kushuka, wakaushwe juu ya moto wadumu. Hakuwa na kitu kingine. Wenziwe walimcheka. Huko milimani, Mswahili ni mjanja wa mjini, mtu wa kukuuzia mbuzi wako mwenyewe. Bibi aliwajibu kwa Kirundi, mi nikisikia, "Huyu si wa hivyo. Huyu anahesabu samaki hata mvua ikinyesha." Kisha akanigeukia. "Mwana wanje, mwanangu, unaniahidi?"

"Bibi, siku kikishuka, samaki wapo. Nakuahidi."

Mara mbili wajukuu wake walikuja ukingoni na vijiti vya kuvulia, na mara mbili aliwachapa akawarudisha juu. Walikuwa wanakula majani ya maboga bila chumvi. Kitenge kilikuwa juu.

Bon. Msimu ukaenda vizuri, kisha nikashikwa na malaria. Nilitetemeka hadi maharage yakawa yananiruka mfukoni. Shemeji akaniangalia, akatikisa kichwa. "We uko nahesabu samaki ama uko nacheza ngoma? Enda Muyinga kwa dada yako. Mi niko hapa." Nikamwambia wa alama wa kwanza nimeshamwona asubuhi ile, ameshuka peke yake, wakifika watano sita kwa siku moja, ashushe kitenge. "Shemeji," akasema, "mi ndiye nilikufundisha." Akanipandisha kwenye lori la magunia, akanifunika kwa lile koti lake.

Dada alinihudumia kama mtoto mchanga. Siku nne sikujua mchana wala usiku. Ya tano nikaamka na njaa. Ya sita akaniletea sahani ya bugali na samaki wawili wazima ndani ya mawese na nyanya. "Kula, mudogo wangu. Shemeji yako ametuma. Ametuma mingi, majirani wote wamepata, na ingine imeenda sokoni." Nikafikiri: alhamdulillah, kitenge kimeshuka, bibi ameshajaza mgono, na shemeji ametoa fungu letu. Nikala. Nilikula wote wawili, nikalamba mchuzi. Nilipomaliza nikawa nachezea mifupa kama mtu aliyeshiba, na hapo nikaliona pezi la mgongo. Lilikuwa na pembe tatu.

Mwanzoni nilifurahi, kwa kweli. Nilitaka kumwonyesha dada: tazama, huyu nilimkata mimi! Halafu nikamuuliza tu, kwa kujua, watu wa Mwakiro wanasemaje, wameshiba? Dada akakunja uso. "Wa Mwakiro? Mama mmoja toka huko alikuwa sokoni jana. Anasema kitambaa yenu bado iko juu. Wanangojea."

Nilisukuma sahani, nikasimama kutafuta viatu. Dada alidhani ni malaria.

Niliondoka asubuhi bado miguu haina nguvu, lori hadi Mwakiro, kisha nikateremka kwa miguu. Toka mbali nikakiona kitenge cha mama kinapepea, cha njano, kisafi. Chini yake uzio ulikuwa umezibwa mwanya. Upande wa juu wa uzio, kwenye maji yaliyotulia, kulikuwa na alama za vigingi vya nyavu pande zote mbili, na matope yamekanyagwa na watu wengi. Bati langu jeupe lilikuwa limetupwa ukingoni, magamba yamekaukia juu yake. Nilisimama dakika nyingi. Hakupita hata samaki mmoja.

Shemeji alikuwa ndani ya kibanda, anajaza daftari. Ndiyo, anajaza. Aliandika siku zote nilizokuwa mgonjwa: wanapanda, wanapanda, wanapanda bado. Na tarakimu zake za saba alizikata kistari kiunoni kama mimi ninavyozikata, zionekane zangu.

"Umepona!" akasema, akainuka kunikumbatia.

Nikamwuliza kwa nini.

Hakukana. Heri angekana. Akaketi, akaanza kunieleza kwa upole, kama siku ile ya kwanza ya maharage. Kwamba wafanyabiashara walikuja usiku na nyavu na gari. Kwamba wangechukua tu, yeye awepo asiwepo. Kwamba watu wa kilimani wakikaa juu hakuna fujo, na kitenge ndicho kilichowaweka juu. "Donc nilikiacha. Hakuna mtu aliyepigwa, shemeji, hakuna. We unataka watoto wa dada yako wakule nini, wakule namba zako?"

"Niliahidi!"

"We uliahidi. Mi sikuahidi mtu." Kisha akatabasamu, lile tabasamu lake. "Na ile mbili nilikutumia ilikuwa mzuri, ama?"

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo mtu hamtukani mume wa dada yake, na mengine nilimtukana kwa Kirundi ili yamfike vizuri. Aliinamisha kichwa, akangoja nimalize. "Enda useme Gitega," akasema. "Sema. Dada yako ataniletea chakula gereza, na we utamlea na watoto." Na alijua sitasema. Alinijua, mshenzi yule. Alinifundisha kuhesabu na wakati huohuo alikuwa ananihesabu mimi. Daftari lile lilikwenda Gitega likiwa na saba zangu zisizo zangu. Nililipeleka mwenyewe. Mkubwa wa ofisi akasema msimu umekuwa mzuri.

Lakini siku ileile ya matusi, kabla daftari halijaenda Gitega, nilitoka nje nikashusha kitenge. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka siku niliyowaahidi iwe kweli ndiyo siku. Kilima kiliona mara moja. Walishuka wakipiga vigelegele, wanawake kwa wanaume, migono mabegani, mingine mipya kabisa, matete yake bado ya kijani. Walikuwa wameisuka wakati wanangojea. Bibi alikuwa mbele. Wajukuu walibeba sufuria, na mkubwa wao alikuwa na kuni kichwani.

Nilipaswa kuwazuia njiani na kuwaambia. Nilinyamaza. Wakatega. Wakakaa. Vigelegele vikapungua, vikaisha. Jua likapita kichwani. Wakanyanyua migono mmoja baada ya mwingine, maji yakamwagika, majani yakamwagika. Mtu mmoja akapata kaa. Kisha mzee mmoja akatembea hadi pale kwenye alama za vigingi, akainama, akaokota kipande cha wavu, akakiinua watu wote wakione. Wote wakaniangalia mimi.

Bibi akaja. Alinitazama usoni, mashavu yangu, maana hata malaria haikuwa imenikondesha kama njaa ilivyowakondesha wao.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa, bibi. Muyinga."

"Na we, ulikula?"

Ningeweza kusema hapana. Ninapokumbuka, kila mara nasema hapana. Siku ile nilisema, "Nilikula, bibi. Wawili."

Akaitika kwa kichwa, taratibu. Kitenge kilikuwa kimeanguka matopeni. Akakiokota, akakisuuza kijitoni, akakikamua, akakikunja vizuri kama kinavyokunjwa dukani, akaniwekea mikononi. "Mrudishie mama yako," akasema. Wakapanda kilima. Yule mjukuu mkubwa alizibeba tena zile kuni.

Waliishije hadi maharage, sijui yote. Najua waliokwenda kambini kupanga foleni ya unga. Najua kwamba wajukuu walikuwa watano na baadaye nikawa nawaona wanne, na sikuwahi kuthubutu kuuliza kama wa tano alichukuliwa na ndugu.

Shemeji alihamishiwa kazi nyingine mwaka uleule, ofisi moja ya mezani kule Gitega. Mi nikabaki mtoni. Mvua zilizofuata nikafunga uzio, nikapaka bati rangi, nikatundika kitenge. Mama alikuwa amekikataa. Alisema kimeshakuwa cha mto. Ningu wakaja wachache, wazito, matumbo yamejaa. Siku ya kwanza tu watu wa kilimani wakateremka na migono, wakaingia majini chini ya kitambaa changu bila hata kuinua macho. Nikapiga kelele, "Jamani, bado! Wana mayai! Mkiwatoa hawa, mwaka wa kesho hakuna!" Nilikuwa nasema kweli tupu, na hakuna aliyegeuka.

Mgono wa kwanza kunyanyuliwa ulikuwa wa bibi. Akatia mkono ndani, akamtoa ningu jike, mkubwa, mayai yanamtoka kwa kubanwa tu. Akatembea naye hadi nilipokaa na daftari langu, maharage mfukoni, akamwinua mbele ya uso wangu, samaki akipigapiga mkia.

"Andika," akasema. "Moja."

Nikaandika moja.