Galerie Chini ya Kinu cha Mama

Kinu cha mama yangu kilizama kiganja kizima siku aliyokuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo ya mboga ya Jumapili. Akasimamisha mchi, akatega sikio, akatwanga tena polepole. Sakafu ya jikoni ikajibu kama ngoma. Mimi nilikuwa uani nafua shati, na naapa sauti ile ilisikika mpaka Isangi, mji mwingine kabisa.

Hatukuhitaji mpelelezi. Jirani yetu hapa Kabondo, mtu aliyechimba almasi msituni miaka mingi, alikuwa mwezi wa pili sasa akichimba choo. Choo gani cha miezi miwili? Udongo wake ulikuwa umepanda hata kuku wake wakawa wanatazama paa letu kwa juu.

Nikaenda kuchungulia. Chini kabisa, ubavuni mwa shimo, palikuwa na mdomo wa pili, umeelekea kwetu. Jirani akatoka humo kwa magoti, beseni la kokoto mkononi.

"Papa, hili ni handaki," nikamwambia. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni mwaka ule ule, na maneno makubwa yalikuwa yananiwasha ulimi.

"Handaki iko ya basoda, ya vita, intellectuel wa jioni. Hii iko galerie, njia ya bachimbaji. Penye gravier, kokoto kama hii, almasi iko karibu. Na gravier haijue mupaka ya parcelle, kiwanja ya mutu."

"Na jiko la mama yangu?"

"Anunue pondu ya mashini sokoni, kama batu ya ville, kule katikati ya muji."

Donc, tukamwita chef wa mtaa. Nilisimama kando ya shimo nikahutubia: pango, handaki, njia ya chini kwa chini; nadhani hata maprofesa wa Ulaya wangeandika. Jirani akajibu kwamba galerie yake ina nguzo za mbao, imara kuliko kanisa kuu. Chef akatikisa kichwa mara kwangu, mara kwake. Mama akachoka.

"Mumeipa majina ine," akasema. "Mimi nalala juu ya jina gani? Bon. Papa aingie mule, akae chini ya jiko yangu. Mimi nitatwanga. Pondu ikilainika na yeye iko muzima, achimbe mpaka kwa maporomoko ya Wagenia."

"Iko haki," chef akasema.

Jirani akaitazama mikono ya mama. Mikono ile imetwanga pondu ya harusi zote za Kabondo. Akashuka ngazi hatua mbili. Mama akaingia jikoni, akapiga mchi mara moja tu. Mdomo wa galerie ukatema vumbi, kisha bonge la udongo ukubwa wa kichwa cha mbuzi.

Jirani akapanda juu. "Leo niko na mafua," akasema.

"Basi umejibu," chef akasema. "Ujaze yote, mpaka ndani kabisa. Wiki moja."

Akajaza, yeye na mkewe, beseni kwa beseni, bila kutusalimu. Mama alisimama juu yao siku zote saba, akisema neno moja: "Shindilia."

Salamu hazijarudi mpaka leo. Kila asubuhi, kabla kanisa halijapiga kengele, mama anatwanga kwenye pembe ya jiko iliyo karibu na dirisha la jirani, na jirani anafunga dirisha kwa kishindo. Juzi nilichungulia nione tunakula nini.

Kinu kilikuwa kitupu.