Jiwe la Kusugulia Vyungu

Pande hizi za Busisi, mtu akisema amepikia chungu cha Mhoja, haulizwi Mhoja yupi. Chungu chake unakijua kabla hujaambiwa. Kinang'aa. Ukikiinamia unaona kivuli cha uso wako, na ukichemshia maharage hakivuji hata tone.

Siri yake haikuwa siri, kila mpita njia aliiona mkononi mwake: jiwe jeusi la ziwani, dogo kama yai la kanga, laini kama shavu la mtoto. Chungu kikishaanza kukauka, kabla hakijaenda motoni, alikuwa anakisugua kwa jiwe hilo mpaka vinyweleo vyote vya udongo vinafumba. Alipewa na mama mkwe wake. Mama huyo hakuwa mtu wa kusifu. Miaka ya mwanzo alikuwa akipita kwenye vyungu vya mkaza mwana wake, anakigonga kimoja kwa kidole, anaguna, anaondoka. Siku aliyomwekea lile jiwe kiganjani alisema neno moja tu: "Chungu kisichosuguliwa hakitoki kwangu." Mhoja akajua kwamba sasa amekuwa mtu wa mji ule.

Alizaa wanne. Wawili aliwazika wangali wachanga. Wa tatu, Pius, alihamia Katavi na ng'ombe wake, akaoa huko, na huko huko akaizika desturi ya kurudi nyumbani. Baba yao alifariki. Akabaki Hellen, kitinda mimba, aliyesoma mpaka akawa mwalimu wa chuo Mwanza mjini.

Kwa hiyo Hellen aliporudi akasema, "Mayu, nataka kufanya kazi ya udongo hapa kwako," Mhoja alikwenda nyuma ya nyumba akalia kidogo. Akajifuta kwa ncha ya kitenge, akarudi na uso wa mtu aliyekuwa anatafuta kuni. Mayu ndilo jina Wasukuma wanalomwitia mama, na nyumba ile ilikuwa haijalisikia muda mrefu.

Lakini kazi yenyewe haikufanana na ufinyanzi anaoujua. Hellen alitaka kigae kinene chenye matundu madogo madogo mwili mzima. Vioo vikusanye jua na kulipiga usoni mwa kigae, kipate moto wa kuyeyusha risasi na kisipasuke. Kisha feni ivute hewa ipite kwenye yale matundu, itokee nyuma ikiwa moto, iingie kwenye banda la dagaa. Masika ya huku kila mtu anayajua. Dagaa wanaanikwa asubuhi, mvua inawakuta mchana, na jioni wamekuwa chakula cha kuku.

Walichanganya udongo wa bondeni na vigae vya vyungu vikuukuu vilivyotwangwa, wakatia pumba za mpunga. Motoni pumba ziliungua zikaacha nafasi zao wazi. Mara ya kwanza vilipasuka vyote. Mara nyingine vilishikamana, ila ukivigusa vinamomonyoka kama mkate wa juzi. Hellen akabadilisha udongo, akabadilisha pumba, akaongeza vigae vya kutwanga. Masika yakapita, kiangazi kikapita, wao bado wanachoma.

Selina, jirani, muuza dagaa mwenye mdomo usio na mlango, alikuwa akija kutazama.

"Mama Hellen, mtoto umemsomesha mpaka chuo, leo anakutengenezea chungu kinachovuja!"

"Kinavuja upepo, si maji."

"Kuvuja ni kuvuja, dada'angu."

"Na mdomo wako je? Tukuchome nao, labda utaziba."

Walicheka mpaka Hellen naye akacheka, mikono imejaa tope. Ile nyumba ilikuwa imerudiwa na vicheko.

Siku kigae cha kwanza, kidogo cha majaribio, kilipotoka kizima, Hellen alimpa mama yake. "Puliza hapa, mayu. Mkono weka upande wa pili." Mhoja akapuliza, akahisi pumzi yake mwenyewe imemfikia kiganjani, ya vuguvugu.

"Umeona? Kinapumua."

"Hata kuku anapumua, Hellen. Bado huwezi kumpeleka mbele ya wageni hajanyonyolewa."

Hellen alicheka. Alidhani ni utani.

Wageni wenyewe walikuwa njiani. Mhandisi mmoja anayeitwa Rugambwa, Mhaya wa Muleba, ofisi yake ilitafuta mahali pamoja kando ya ziwa pa kujenga karakana ya vigae vya namna ile. Kama kigae kingeshinda jua mbele ya macho yake, karakana ingejengwa Busisi, na Hellen angeisimamia. Kisiposhinda, Hellen alikwishaitwa Zambia, kwenye kiwanda cha matofali ya matanuri ya shaba, na alikuwa amewaomba wamsubiri kidogo. Mhoja alijua Zambia iko wapi. Iko kule ambako watu hawawahi kurudi kuzika.

Zikiwa zimebaki siku chache, Hellen alikwenda mjini kufuata vioo. "Mayu, hivi vigae vibichi vya kuwaonyesha wageni vifunike kwa magunia visikauke haraka. Nikichelewa, panga tanuri uwashe. Moto unaujua kuliko mimi."

Basi Mhoja akabaki peke yake na vile vigae. Alifunua gunia, akavitazama. Vilikuwa vimefikia ule ugumu wa ngozi mbichi ambao mfinyanzi anausubiri. Na vilikuwa vibaya! Pumba zimechomoza, kingo zimechakaa kama shuka la mlevi. Akamwona akilini huyo Mhaya na viatu vyake vinavyong'aa, amekishika kitu kama kile, anauliza kimetoka mji gani, na watu wanamjibu: kwa Mhoja.

Matundu yako ndani, akajiambia. Uso ni uso. Bibi harusi haendi ukweni na magaga miguuni.

Akaenda kulichukua lile jiwe.

Alivisugua vyote. Alikoroga udongo mwekundu mwepesi kama uji wa mgonjwa, akavipaka, akalilowesha jiwe, akasugua kwa duara kama alivyofundishwa, mpaka bega likamuuma. Na katika kusugua alikuwa anasema chini chini, kwa Kisukuma, neno moja kwa kila mzunguko: kaa. Kaa, mwanangu. Kaa. Maishani mwake hakuna chungu alichokisugua kwa mapenzi kama yale.

Hellen aliporudi, moshi ulikuwa tayari juu ya tanuri.

"Umevipanga vyote, mayu?"

"Vyote."

"Vilikuwa vizima?"

"Kwani mimi mgeni wa tanuri?"

Na kwa wafinyanzi wa pale mwiko ni huu: aliyepanga tanuri ndiye afunguaye. Mwingine hachungulii, hata awe nani. Hellen alizaliwa katika mwiko huo. Akaenda kupanga vioo vyake.

Rugambwa alifika na wenzake wawili wakati tanuri limepoa. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Ila hapa hakuna ndizi za kwenu."

"Basi mama, umeniua. Nitazikwa huku huku."

"Tutakuzika na michembe yetu ya viazi vikavu." Watu wakaangua kicheko. Majirani walikuwa wamejaa uani, Selina mbele yao.

Mhoja akafungua. Vikatoka vyekundu, vinang'aa kama vimepakwa samli. Watu wakaguna kwa uzuri wake, mmoja wa wageni akatoa simu akapiga picha, Selina akapiga vigelegele. Mhoja akageuka amtazame mwanawe, apokee furaha yake.

Uso wa Hellen ulikuwa umekauka.

Hellen alikiokota kigae kimoja, bado kina joto. Akakiweka mdomoni, akapuliza, kiganja kiko upande wa pili. Akapuliza tena. Akatoa kisu kidogo mfukoni akajaribu kuuparuza uso wa kile kigae, kisu kikateleza. Kazi ya Mhoja haikwanguliki kwa kisu. Akakilaza chini taratibu, kama alazaye mtoto.

"Tuendelee tu," akasema.

Pale pale Mhoja alielewa. Hakuna aliyemweleza. Pumzi ile aliyoihisi kiganjani siku ile, yeye mwenyewe ndiye aliyeifungia mlango. Akashika ukuta wa tanuri.

Vioo viligeuzwa. Jua likakusanyika usoni mwa kigae mpaka kikawa hakitazamiki. Feni ilinguruma, inavuta, haipati kitu. Rugambwa aliweka mkono nyuma, kwenye bomba la kupitishia hewa. "Baridi," akasema. Mbele moto, nyuma baridi. Haukupita muda, kigae kikalia pa! kikapasuka vipande, kimoja kikaruka mpaka kwenye kuku.

Rugambwa akachuchumaa, akaokota kipande, akakigeuza geuza. "Ndani ni kizuri sana. Sijaona matundu yaliyokaa vizuri kama haya." Akainua macho. "Nani ameziba uso?"

Hellen alimtazama mama yake mara moja, akaangalia chini.

Mhoja alikuwa nalo neno mdomoni. Lilikuwa neno dogo: mimi. Lingetoka na pumzi moja tu. Lakini Selina alikuwa pale, na wake za majirani walionunua vyungu vyake walikuwa pale, na sauti ya mama mkwe ilikuwa pale: chungu kisichosuguliwa hakitoki kwangu. Alilimeza. Lilipita kooni kama mwiba wa sato.

"Ni mimi," akasema Hellen.

Rugambwa alikiweka kipande chini. "Dada, mtu asiyejua kwamba uso ndio mlango wa kigae, nitamkabidhije karakana?" Hakusema kwa dharau. Ingekuwa dharau, Mhoja angepata pa kushikia ugomvi. Wageni waliaga kwa heshima. Wali na kuku waliopikiwa havikuguswa.

Hapo ndipo penyewe palipoharibika, na Mhoja alipajua. Kusugua lilikuwa kosa, na kosa la mtu anayependa husameheka. Yule Mhaya angeambiwa kwamba ni mama mzee aliyepamba asichokijua, angecheka, angesema choma vingine, nitarudi. Kilichomfukuza Hellen ni ule ukimya.

Asubuhi ya pili yake Mhoja alishuka ziwani peke yake, akalitupa jiwe mbali kadiri mkono ulivyoweza. Halikutoa hata mlio wa maana.

Siku zilizofuata Hellen hakuuliza kitu wala hakununa. Aliteka maji, alipika ugali, alimsimulia mama yake habari za mjini. Mhoja alisubiri agombezwe. Usiku alipanga maneno, asubuhi yalikuwa yameoza kama dagaa wa masika. Kisha ofisi ile ikachagua mahali pengine, na Zambia wakasema hawasubiri tena.

Zamani, enzi za feri, ziwa lilikuwa linampa mtu nafasi ya kuaga. Unakaa kwenye foleni, unakunywa chai, unasema na lile ulilolisahau, na feri ikiondoka unaendelea kumwona mtu wako amesimama kwenye reli anapunga mkono. Sasa kuna daraja. Tunashukuru, wagonjwa wanawahi hospitali. Lakini daraja halikupi nafasi. Gari linapanda, linakwisha.

Walisimama kando ya barabara, begi moja katikati yao, gari linangoja.

"Mayu, nina ombi."

"Sema, mwanangu."

"Lile jiwe la bibi. Nipe niende nalo."

Mhoja alihisi ardhi inatembea. "La nini huko? Si mnatumia mashine?"

"Sitalitumia. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala kwa sauti yake. Wewe unasugua, mimi nalala."

"Sina."

"Umelipoteza?"

"Nimelitupa. Ziwani."

Upepo ulimpeperusha Hellen kitambaa cha kichwa, akakishika. Halafu akasema polepole, "Mimi sikuwa na ugomvi na jiwe, mayu."

Mhoja akafungua mdomo. "Hellen, siku ile..."

Dereva akapiga honi. Hellen akamkumbatia kwa nguvu, akampiga piga mgongoni kama anayembembeleza mtoto, akaingia garini. Gari likapanda daraja. Likawa dogo, likawa doa, likawa magari mengine.

"Ni mimi," akasema Mhoja. Alisema kwa sauti, akiwa peke yake kando ya lami. "Ni mimi niliyesugua."

Hakwenda nyumbani. Aliteremka mpaka pale aliposimama asubuhi ile, akavua ndala, akafunga kitenge kiunoni, akaingia majini mpaka magotini. Alitafuta kwa nyayo kwanza, kisha kwa mikono. Ziwa halina uhaba wa mawe. Aliokota jeusi, akalipapasa kwa kidole gumba, akaliacha. Aliokota jingine. Yote yalikuwa laini, na hakuna hata moja lililomjua.

Selina alikuwa anapita na beseni lake la dagaa kichwani. Akasimama.

"Mama Hellen! Unatafuta nini humo?"

Mhoja hakuinua kichwa. "Kuni," akajibu.

Selina, ambaye siku zote hakuacha neno limpite, safari hii aliliacha. Alitua beseni mchangani, akaketi kando yake, akamsubiri.