Sigare ya Siku ya Mahari

Jumanne, mbele yangu kwenye kaunta ya duka la vinywaji hapa Bukavu, mzee mmoja mwenye koti jeusi alitoa mfukoni sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, zile tunazoita sigare, akamwomba mama mwenye duka amfundishe kuivuta.

"Mutoto yangu aliinunua tuvute pamoja siku atapeleka mahari," alisema. "Walimupiga risasi. Kesho tunamaliza matanga. Nataka niivute mbele ya famille bila kukohoa."

Mama yule alikata kwa kisu ncha iliyozibwa, kisha akaonyesha, kwa njiti ya kiberiti asiyoiwasha, jinsi ncha ya pili inavyozungushwa juu ya moto.

"Moshi usiimeze, papa. Unaiweka mu kinywa, unasikia utamu yake, unaitosha inje pole pole. Hii haitake haraka."

Mzee alirudia yote hewani, macho ameyafumba, kama mtu anayejifunza sala.

"Na kuizima? Naiponda?"

"Hapana, papa. Sigare hawaiponde. Unaiweka ku sahani, inakufa yenyewe."

Mzee aliigeuza mkononi. "Basi hii iko na bahati," alisema, akaifunga ndani ya leso, akatoka.

Kumbe kuna watu walikaa chini wakaitungia sigara adabu ya kufa. Mwaka huu nimezika vijana watatu wa mtaa wangu, na hakuna hata mmoja aliyefanyiwa adabu hiyo.