Maharagwe Kumi na Moja ya Papa Londoni

Huko Karuba, kwenye vilima vya Masisi, mwalimu Grégoire Nzabandora hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Papa Londoni, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatiziwa. Alikuwa amekwenda vitani mwaka arobaini na tatu, akafika Misri pamoja na askari wengine wa Kongo, akarudi na koti la kijani, filimbi ya bati, na habari kwamba Kiingereza amekimaliza. Waingereza wenyewe, alisema, walikuwa wakimwomba awasahihishie barua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Grégoire ilikuwa imefika miaka kumi na saba, na bado ilikuwa inakwenda bila kutweta. Ilimsaidia sana kwamba Karuba hapakuwa na Mwingereza. Kila kilichokuja na maandishi ya Kiingereza kilipelekwa kwake, naye alikisoma kwa sauti nzito, kidole kikifuata mistari. Mwaka mmoja Mama Mukankusi, jirani yake, alimletea kikopo kidogo kilichotoka Uganda, cheusi ndani. Grégoire alisoma kwamba ni dawa ya kupe, ipakwe ng'ombe mzima asubuhi na jioni. Ilikuwa rangi ya viatu. Kupe hawakutoka, lakini ng'ombe yule aling'aa hata watu wakatoka Mushaki kuja kumtazama. Grégoire alieleza kwamba dawa ya Kiingereza huanza na ngozi.

Sasa, mwaka wa pili wa uhuru, Mzungu mmoja aliyekuwa akilima pareto alifunga virago akaenda zake. Vitu asivyoweza kubeba aliviachia shule ya misheni, na kati ya hivyo kulikuwa na sanduku la karatasi ngumu ambalo halijafunguliwa. Juu yake palichorwa ndege ya vita ya Waingereza, jina lake Meteor, ikipasua mawingu. Ndani hamkuwa na ndege bali vipande vya plastiki, vidogo vingine kama jino la mtoto, pamoja na kitube cha gundi na karatasi ya maelekezo. Karatasi yote ilikuwa Kiingereza.

Padri mkuu aliitazama, akacheka, akasema Mungu hakumpeleka Grégoire Misri bure. Inspekta wa shule alikuwa anakuja baada ya majuma mawili. Grégoire aiunge ndege, kisha siku hiyo, mbele ya wanafunzi na wazazi, awasomee watu ile karatasi na kueleza namna alivyofanya. Grégoire alijibu kwamba ni kazi ndogo. Lakini alijua kwamba likianguka hilo la Kiingereza, yataanguka yote: Misri, koti, barua za Waingereza, hata saluti anazopigiwa sokoni Sake. Atabaki Grégoire tu, na huyo Grégoire alikuwa hajaonana naye siku nyingi.

Nyumbani mkewe, Adelaïde, hakuuliza maswali. Alichukua ungo wake, akamwaga vile vipande na kuanza kuvichambua kama anavyochambua maharagwe: vya mabawa huku, vya magurudumu kule, visivyojulikana ukingoni. Vidole vya Adelaïde vilijulikana Karuba yote; jiwe halikuwahi kupita humo likafika chunguni. Grégoire alikaa kando na karatasi, akasoma.

"Hapa inasema: tafuta bawa ya kushoto," alisoma, akitazama picha kwa jicho la pembeni.

Adelaïde alikuwa amekwisha kulipata, na la kulia pia. Kazi ikaenda hivyo siku nne. Mke anaunga, mume anasoma kile ambacho mke ameunga tayari, na wote wawili wanaridhika na Kiingereza.

Majirani waliokuja kuchungulia walikuwa na neno. Ndege walizoziona zikipita kwenda Goma zilikuwa na elisi, yale mapanga yanayozunguka mbele. Hii iko na matundu mawili matupu. Mama Mukankusi alisema waziwazi kwamba Papa Londoni amepoteza elisi majanini. Grégoire aliapa kwamba ndege hiyo huvuta upepo mbele na kutema moto nyuma. Hilo alilizua papo hapo. Jioni Padri alipoambiwa akasema ni kweli kabisa, na Grégoire alishangaa kuliko wote. Uongo wake ulikuwa umeanza kujua mambo asiyoyajua yeye.

Taabu ilikuja siku ya tano. Ndege ilipowekwa mezani kwa magurudumu yake matatu, ilinyanyua pua juu na kukalia mkia.

"Papa, ndege yako inakaa sawa mbwa," alisema Adelaïde.

Grégoire aliishusha pua. Ikapanda. Aliishusha tena kwa ukali, kama anavyomrudisha mwanafunzi kitini. Ikapanda. Aliona kabisa inspekta akiuliza karatasi inasemaje juu ya ndege kuketi, akalivua koti la Misri.

Adelaïde aliitazama kitambo. Kisha alichukua haragwe moja kutoka kwenye kikapu, akaliweka juu ya pua ya ndege. Akaongeza la pili, na la tatu. Kwa haragwe la kumi na moja mkia ulinyanyuka polepole na gurudumu la mbele likagusa meza. Pua ilikuwa bado haijagundishwa, pande mbili tu zikingoja. Adelaïde alisema yatiwe ndani, kisha ifungwe.

"Njo vile imeandikwa hapa," alisema Grégoire, na kidole chake kikaangukia mstari wowote.

"Ndiyo, Papa," alisema Adelaïde, akaenda shambani.

Angemngoja mkewe, hadithi hii ingeishia hapo. Lakini alipozitia mbegu na kuitikisa ndege, aliisikia ikilia kama kayamba. Ndege ya vita haiwezi kulia kayamba mbele ya inspekta. Basi akachukua pamba, akailowesha maji ili ishikane vizuri, akayafunika maharagwe humo yasicheze, akaipaka pua gundi, akaifunga. Kimya. Alijisifu, akaitundika ndege juu ya jiko, mahali pa joto, gundi ikauke.

Hapa lazima niseme kitu ambacho Grégoire mwenyewe angependa nikiache. Kila mwaka, katika darasa la pili, alifundisha somo la mbegu. Kila mtoto huleta glasi, pamba iliyoloweshwa na haragwe moja, na mwalimu huwaambia wangoje waone. Amelifundisha mara kumi na nne. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Na Grégoire, kama tujuavyo, alikuwa amefika Misri.

Siku ya inspekta shule ilijaa. Wazazi walisimama ukutani, Padri alikaa mbele, na inspekta, Monsieur Edmond Hakorimana, kijana wa miwani na suti ya kijivu, aliketi kando yake. Ndege ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha altare. Grégoire alikuwa ameishusha asubuhi hiyo haraka na kuifunika bila kuitazama sana. Alijikohoza, akahubiri kidogo juu ya Misri, akakivuta kitambaa.

Ndege ilisimama vizuri sana kwa magurudumu yake yote matatu. Pua yake ilikuwa imepasuka katikati, na katika ufa huo shina jeupe lilikuwa limetoka, limejikunja shingo, na juu yake majani mawili ya kijani yakielekea dirishani.

Kisha darasa la pili, benchi zima, likaimba kwa pamoja, kama lilivyofundishwa: "Ha-ra-gwe li-me-o-ta."

Inspekta hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliinua karatasi ya maelekezo, akaisoma kimya, na ikawa wazi kwa kila mtu kwamba anaisoma kweli. Baadaye ilijulikana kwamba alisomea Uganda. Alimnyooshea Grégoire karatasi, akaweka kidole chini ya mstari mmoja.

"Monsieur, utusomee hapa, namba saba."

Grégoire aliutazama mstari. Ulikuwa na maneno kumi na matano. Angeweza kusema lolote. Miaka kumi na saba ilikuwa imemfundisha kusema lolote. Lakini alipoinua macho alimwona Adelaïde mlangoni, mikono imefungwa kifuani, hatazami ndege wala inspekta. Anamtazama yeye, na usoni mwake mlikuwa na huruma. Huruma hiyo ilimuuma kuliko kicheko chochote.

"Mimi sijue Kingereza," alisema. "Hata neno moja. Sikujuaka hata siku moja."

Alingoja paa la shule limwangukie. Halikuanguka. Aliyesema kwanza alikuwa Mama Mukankusi.

"Papa Londoni, tulijua," alisema kwa upole. "Njo tangu siku ile ngombe yangu iling'aa."

Hapo ndipo kicheko kilipokuja, na kilikuja chote, Padri naye akiwemo, akijifuta macho kwa kitambaa cha altare. Walijua wote. Walikuwa wakimletea vikopo na barua kwa sababu walipenda kumsikia akisoma. Grégoire alisimama katikati ya kicheko kile akiona aibu, na chini ya aibu, kitu chepesi ambacho hakukitegemea. Mzigo ule aliubeba peke yake miaka yote, kumbe kijiji kizima kilikuwa kimeushika upande wa pili.

Inspekta alipopata nafasi alieleza kwamba namba saba inasema: kabla ya kufunga pua, tia uzito ndani, la sivyo ndege itakalia mkia. Akauliza ni nani basi aliyejua. Grégoire alionyesha mlangoni. Inspekta akamuuliza Adelaïde ni wapi palipoandikwa maharagwe.

"Wao waliandika uzito," alisema Adelaïde. "Kwetu uzito iko maharagi. Lakini maji sikutia miye."

Wakati wa kurudi nyumbani, Grégoire alibeba ndege na shina lake. Kisha alimuuliza mkewe kwa nini, kama alijua, hakusema kitu. Adelaïde alisema Kiingereza hakikuwa kinamsumbua. Alichotaka siku zote ni kujua kitu kimoja, nacho hakuna aliyewahi kumwachia nafasi ya kukiuliza: huko Misri alifanya nini kweli?

Grégoire alimwambia. Hakumpiga risasi mtu, wala hakushika mkono wa Mwingereza. Walimweka jikoni, nyuma ya kambi, mbele ya magunia. Kutwa nzima, miezi kumi na minne, alichambua maharagwe ya askari. Siku nyingine alilia kwa kukumbuka nyumbani, kwa sababu maharagwe yalikuwa kama ya kwao. Hakumwambia mtu, maana nani atampigia saluti mchambua maharagwe?

Adelaïde alisimama njiani. Alimtazama mumewe, akatazama majani mawili yaliyotoka puani mwa ndege, akamtazama tena mumewe.

"Miezi kumi na ine unachambula maharagi," alisema, "na haukujua kama inaota?"

Ndipo Grégoire naye alipocheka, hata ikabidi aiweke ndege chini. Lile shina walilipanda nyuma ya jiko, na Grégoire alilikatia mti wa kupandia kwa mkono wake. Lilizaa vizuri. Mama Mukankusi aliomba mbegu, na mwaka uliofuata alileta tena kikopo kutoka Uganda, akaketi, akamwomba Papa Londoni amsomee.