Kasuku Alivyorudi Kwenye Meza ya Dola

Jina la Kasuku alipewa kazini, na likamkaa kama kiatu cha kupimiwa. Katika chumba chetu cha kununua na kuuza fedha za kigeni, ghorofa ya tatu ya benki, yeye peke yake ndiye aliyeweza kushika simu mbili kwa pamoja, moja sikio hili, nyingine sikio lile, akamtajia bei huyu, akamkatalia yule, na katikati akapata nafasi ya kumlalamikia mhudumu kwamba chai haina sukari. Ukimsikia kutoka kwenye korido ungedhani watu watatu wanagombana. Kumbe ni mwanamke mmoja, tena anacheka.

Kazi yetu si ngumu kuieleza, ni ngumu kuifanya. Unanunua dola sasa, unaziuza baada ya saa moja au mbili. Bei ikiwa imepanda, benki imepata. Ikiwa imeshuka, jiandae kujieleza. Au unaziuza kwanza, ukitegemea kuzinunua tena zikishuka. Na kinachoisukuma bei ndani ya muda mfupi namna hiyo, mara nyingi ni habari: takwimu za mfumuko wa bei, hali ya mauzo ya nje, na zaidi ya yote, tamko la Benki Kuu kuhusu riba. Riba ikipandishwa, watu hukimbilia sarafu ya nyumbani, maana akiba italipa vizuri zaidi, na dola huzitupa kama kaa la moto. Riba ikishushwa, mbio zinageuka. Siku ya tamko, chumba chetu kilikuwa mnada wa ng'ombe. Mtu akipiga kelele "uza", wenzake watano wameshauza kabla hawajamuuliza kwa nini.

Kasuku alikuwa malkia wa mnada huo mpaka alipougua.

Ulikuwa ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Ulimwanza kwa homa ambayo yeye aliiita uchovu, ukamlaza hospitalini, na kwa muda hatukujua kama tutamwona tena. Alipozinduka alimkuta mumewe, fundi wa viyoyozi, ameinama juu yake, midomo inacheza bila sauti. Alituhadithia mwenyewe baadaye kwamba alikasirika. Alimwambia, "Mbona unanifanyia mzaha na mimi mgonjwa?" Mume akageukia ukutani kufuta machozi, na hapo ndipo Kasuku alipoelewa kwamba mzaha haukuwepo. Masikio yote mawili yalikuwa yamekwenda na ugonjwa.

Aliporudi kazini, Mkuu wa chumba alimpokea kwa upole, akampeleka ghorofa ya chini, kwenye chumba cha kuhifadhi mafaili. Hakuna aliyeona ubaya. Dola zinauzwa kwa simu, na mtu asiyesikia ataishika simu ya nini? Sisi wenyewe tulimsindikiza na keki. Alitushukuru, akala kipande chake, akaketi kule chini kati ya makabati ya chuma akipanga karatasi za wateja waliokwishakufa.

Nyumbani, mumewe hakutaka mzaha na huzuni. Alimtafuta mwalimu wa lugha ya alama, na kila Jumamosi familia nzima ikaketi sebuleni kujifunza: mume, binti yao, na mama mkwe ambaye alikuwa amekula chumvi nyingi na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Mama mkwe hakuwa na subira na alama za mwalimu. Akabuni zake. Alama yake ya mwanawe ilikuwa mtu aliyelala mdomo wazi, na alama ya jirani yao ilikuwa kitu ambacho Kasuku alikataa kutuonyesha. Lakini walielewana, na bibi huyo ndiye aliyemuuliza mkwewe, kwa vidole vyake vigumu, kama makabati yale yanamtosha. Kasuku akajibu kwa sauti: "Hayanitoshi, mama. Yananimaliza."

Jumatatu iliyofuata alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akasimama mbele ya meza ya Mkuu. Alimkumbusha kwamba simu sasa hazitumiki kama zamani, kwamba bei nyingi zinaandikwa na kujibiwa kwenye skrini. Alimwambia amejifunza kusoma midomo ya mtu akimtazama usoni, na kwamba asiposhika kitu ataandikiwa. Kisha akasema lile aliloliweka moyoni: "Nilipoteza masikio, Mkuu. Bei sikuwa naipima kwa masikio."

Mkuu si mtu wa maneno mengi. Alimpa meza ya pembeni, muda wa majaribio, na kiwango kidogo cha kununua na kuuza, pamoja na mpaka wa hasara: akifika hapo, anafunga biashara hiyo na kubeba hasara, hakuna mjadala. Jirani yake wa meza alikuwa Ndevu, mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wote chumbani, ambaye alijitolea kumgongea meza kila jambo likitokea. Mwanzoni Kasuku alijikaza kisabuni tu. Aliona midomo inafunguka, mikono inarushwa, na hakujua kama watu wanauza, wananunua, au wanabishania mpira. Lakini kidogo kidogo aligundua jambo, akanieleza tukiwa kwenye foleni ya chakula: zamani, nusu ya maamuzi yake hayakuwa yake. Yalikuwa ya chumba. Mtu akipaza sauti, mkono wake unafuata, bendera kufuata upepo. Sasa upepo haumfikii, na analazimika kuisoma habari yenyewe hadi mwisho.

Basi ikafika siku ya tamko ambalo mji mzima ulilisubiri. Bei za vitu zilikuwa zimepanda tangu mwanzo wa mwaka, na kila mtu alitarajia Benki Kuu ipandishe riba. Uvumi ulitangulia, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wiki nzima watu walikuwa wakiuza dola kwa kutegemea uvumi huo, bei ikashuka taratibu kabla hata tamko halijaandikwa. Asubuhi hiyo Kasuku alinitazama akasema, kwa ile sauti yake ambayo siku hizi ilipanda na kushuka bila mpango, "Watu wameshaila hii habari. Sijui kama kuna mlo uliobaki."

Tamko likatoka. Kwenye skrini ukapita mstari mmoja mwekundu: riba imepandishwa. Chumba kikalipuka. Ndevu akauza dola, mimi nikauza, aliye nyuma yangu akauza akiwa amesimama. Bei ya dola ikaanguka kama nazi. Nikamtazama Kasuku nikitaka kumhimiza, nikamkuta ameuweka mkono mmoja chini ya kidevu, anasoma. Tulikuwa tumesoma mstari wa kwanza. Yeye alikuwa amefungua tamko lenyewe, aya baada ya aya, kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Alipofika aya ya mwisho, mkono ulishuka kwenye kibodi. Akanunua dola. Alinunua kiwango chake chote, wakati kila mtu chumbani anazitupa.

Ndevu aliona, akagonga meza kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. Akamwelekezea kidole chini, chini, chini. Kasuku akaitikia kwa kichwa kwamba ameona. Bei ikaendelea kuteremka. Kwenye skrini yake namba ya hasara ikawa nyekundu, ikakua, ikausogelea ule mpaka aliowekewa. Mkuu akatoka kwenye ofisi yake ya kioo, akaja akasimama mbele ya Kasuku ili aisome midomo yake.

"Una uhakika?" Mkuu akamuuliza.

"Sina uhakika," Kasuku akajibu. "Nina sababu."

Akamgeuzia skrini. Katika aya ya mwisho, kwa lugha ile ya taratibu ya watu wa Benki Kuu, ilikuwa imeandikwa kwamba mfumuko wa bei umeanza kutulia na kamati haioni haja ya kupandisha riba tena. Nyongeza hii ilikuwa ya mwisho. Kasuku akaeleza kwamba waliouza dola leo wanafurahia kitu ambacho bei ilishakihesabu tangu wiki jana, na kwamba yaliyo mapya katika tamko hili yanakwenda upande wa pili. Wakifika aya hii, watageuka. Na wasipogeuka kabla ya mpaka wake, atafunga na kukubali.

Mkuu alisoma. Akaangalia namba nyekundu. Tulitegemea aseme funga. Badala yake alivuta kiti kilichokuwa wazi, akaketi kando yake, wakawa wanatazama wawili.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Bei ilifika ukingoni, ikasita. Ikateremka kidogo tena, hatua moja tu kutoka kwenye mpaka, na nikaona vidole vya Kasuku vimeganda juu ya kibodi. Halafu ikapanda. Mara ya kwanza ilikuwa kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu, kisha ikashika kasi. Kule nje, kwenye benki nyingine, watu walikuwa wamefika aya ya mwisho. Sasa waliouza walitaka kununua, na kila aliyenunua aliisukuma juu zaidi. Ndevu alikuwa akifunga biashara zake huku anajitukana kwa sauti ya chini. Namba ya Kasuku ikapoteza wekundu wake, ikawa kijani, ikaendelea kukua. Hakusubiri kilele. Ilipofika pale alipopanga tangu mwanzo, akauza zote, akaondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani. 

Siku hiyo sisi wengine wote tulipata hasara, na Kasuku peke yake, kwa kile kiwango chake kidogo, alifunika sehemu yake.

Ndevu ndiye aliyeinuka kwanza. Alimpigia goti, na ndevu zake zote, katikati ya chumba. Kasuku alicheka kile kicheko chake cha simu mbili ambacho hatukuwa tumekisikia tangu hospitali. Alipofika nyumbani jioni, alituambia, mumewe alikuwa juu ya ngazi anatengeneza taa ya varanda. Alimwonyesha habari kwa mikono akiwa bado getini, naye kwa kutaka kujibu kwa mikono miwili aliiachia ngazi, akaangukia kwenye maua ya mama yake. Hakuumia. Mama mkwe alihuzunikia maua kwa kitambo kidogo, kisha akamkumbatia mkwewe na kukataa kumwachia.

Muda wa majaribio ulifutwa kesho yake. Sheria mpya ikawekwa chumbani: tamko likitoka, hakuna anayegusa kibodi wala kufungua mdomo mpaka lisomwe lote. Si kila mara tulipata faida baada ya hapo, soko halina rafiki, lakini hatukupigwa tena kama kuku waliotishwa na mwewe. Na sisi wenyewe tukaanza kujifunza alama, kwanza za bei, kisha za utani.

Mkuu alipostaafu, aliitisha kikao akatangaza kwamba kiti chake anamwachia Kasuku. Hakuna aliyepiga makofi. Tulifanya kama tulivyofundishwa: wote tukasimama, tukainua mikono juu na kuitikisa vidole wazi, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi, chumba kizima, naye amesimama mbele yetu analia bila kujificha. Walinzi wa benki, waliotuona kupitia kioo cha korido, waliingia mbio na virungu mkononi. Walidhani tumevamiwa.