Nilipiga Hodi kwenye Miiba

Najua mtakachosema. "Huyu? Huyu si ndiye aliyewaaminisha watoto wa mwaka wa kwanza kwamba lifti ya shule iko ghorofa ya tano, na shule yenyewe ina ghorofa tatu?" Ndiyo, ni mimi. Ndiyo maana naandika badala ya kusimulia, kwa sababu nikisimulia nacheka kwa mazoea tu, na hiki si kisa cha kucheka. Kilitokea. Kilitokea hapa hapa Brussels, upande wa Auderghem, pale lami inapoishia na msitu unapoanza, mimi mwenyewe nikiwa na macho yangu mawili na akili zangu zote chache. Asiyeamini basi, lakini asome mpaka mwisho, kwa usalama wake.

Kwenye jengo letu, chini kabisa, anakaa Tonton Déo. Si mjomba wangu. Sisi ni watu wa Tanga, yeye ni wa Bukavu, anakaribia sitini, ana kitambi, na ana mdomo mchafu kuliko choo cha stesheni. Pia ana mbwa. Bijou ni jike, mwekundu kama tofali, masikio yananing'inia kama soksi kwenye kamba, na kazi yake duniani ni moja: kufuata damu. Gari likigonga mnyama, au mwindaji akikosea shabaha na mnyama akakimbia na jeraha, Tonton hupigiwa simu. Bijou ananusa mbele, Tonton anafuata nyuma ameshika kamba ndefu, mpaka mnyama apatikane na mwenye bunduki ammalize asiendelee kuteseka. Halipwi hata senti. Anasema kumwacha kiumbe afe taratibu peke yake ni dhambi mbaya kuliko zote alizofanya, na amefanya nyingi.

Jumamosi moja ya Novemba nilikuwa kwenye sofa, hoi kwa ugonjwa wa hesabu, Tonton akagonga mlango.

"Weye, unafanya nini?"

"Nasoma, Tonton."

"Na kitabu iko wapi? Vaa bottes. Tunaenda kutafuta nyama."

Nyama! Sasa nisikilizeni. Kwetu nyama ni kitu kinachokaa kwenye sahani. Nikaona mishikaki ya mtaa wa Ixelles, nikaona ndizi za kukaanga na pilipili pembeni. Nikavaa buti mbio. Kumbe kwa watu wa Bukavu nyama ni mnyama, hata akiwa mzima, hata akiwa na meno. Nililielewa hilo tukiwa tayari garini, Bijou ananihemea shingoni.

"Nguruwe ya pori," Tonton akasema. "Gari imemugonga leo muchana mu route ya forêt, barabara ya pori. Muguu moja umevunjika, ameingia mu miti. Mwenye kunisaidia iko na grippe, mafua, donc ni weye."

"Nguruwe, Tonton? Na mbwa? Siku moja? Mama atanisugua na mchanga mara saba!"

"Atakusugua akijua. Funga kinywa."

Mama yangu anafanya kazi hospitali kule Jette, na Bijou haruhusiwi kukanyaga hata zulia la mlangoni kwetu. Na mimi hapo nilikuwa naelekea kwenye haramu mbili kwa tiketi moja. Niamini, nilikuwa nimeshaanza kuona raha.

Mlinzi wa msitu alikuwa anatungoja kando ya barabara, Mbelgiji mrefu mwenye bunduki begani. Akatuonyesha vioo vya taa vilivyovunjika na damu kwenye majani, halafu akaondoka kwenda kuzuia upande wa pili, nguruwe asije akatokea tena kwenye magari. Tukimpata, Tonton apige filimbi. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kufunga utepe wa rangi ya machungwa kila palipoonekana damu, ili tukipoteza njia tujue pa kurudia.

"Na kitu ingine," Tonton akasema. "Humu hakuna blague, hakuna mizaha. Nyama yenye kuumia inasikia yote."

Nani kamwambia mimi naweza kunyamaza?

Msitu ule mnaujua kwa picha za Jumapili, watu na baiskeli zao. Ukungu ukishuka ni kitu kingine. Miti imesimama mirefu na laini kama nguzo za msikiti usio na paa, na chini ni majani yaliyokauka, rangi ya kutu. Sasa tafuta tone la damu kwenye kutu! Tonton alikuwa na ujanja: anachukua karatasi nyeupe ya kujifutia mafua, anagusa jani lenye doa. Karatasi ikibaki safi, ni doa la jani tu. Ikiwa nyekundu, twende. Ilikuwa nyekundu, tena mbichi, tena ya moto kidogo. Kwenye gome la mti tuliona mpako wa damu usawa wa goti langu na nywele ngumu nyeusi zimenata. Tonton akanusa vidole vyake.

"Iko karibu. Anachoka."

Saa kumi na moja jioni mwezi ule ni giza. Tukawasha taa, yeye ya kichwani, mimi tochi. Bijou alivuta kamba vizuri, pua chini, mpaka tukafika kwenye kichaka cha miiba kikubwa kama duka. Kulikuwa na tundu moja chini, la kuingia kiumbe anayetambaa, na damu iliingia humo.

Bijou akasimama. Nywele za mgongo zikainuka zote. Tonton akamwambia kwa Kifaransa atafute, mbwa akakaa chini. Akamvuta, mbwa akalala. Mbwa yule amewahi kuingia mtoni wakati wa barafu kwa ajili ya damu, halafu leo analala chali kama mtoto asiyetaka kwenda shule?

"Jamais," Tonton akasema polepole. "Hajafanya hivi hata siku moja."

Na mimi nina ulemavu mmoja: nikiogopa, mdomo hufunguka wenyewe kama zipu mbovu. Nikainama kwenye lile tundu nikasema, "Hodi! Hodi, wenyewe! Wageni wa jioni hao!"

Tonton alinyanyua mkono anipige kofi. Mkono ukabaki juu.

Ndani ya miiba, sauti ilisema, "Karibu."

Sauti ya mwanamke mtu mzima. Haikupaza. Ilikuwa ile "karibu" ya mtu anayekuja mlangoni huku anafuta mikono kwenye kanga. Mtasema mwangwi. Mwangwi ungenirudishia hodi yangu, basi. Tangu lini mwangwi ukamkaribisha mtu?

Nitasema ukweli, kwanza sikushtuka. Nilidhani ni mmoja wa mama zetu, amekuja kuokota uyoga akapotea. Waswahili hatukosekani mahali. Adabu zangu zikanijia, zile chache, nikasema, "Shikamoo, bibi."

Halafu:

"Shikamoo."

Hapo ndipo damu yangu mimi iliposimama. Nyinyi mnaojua, mnajua. Shikamoo ina jibu moja tu. Mtoto anayejifunza kusema anajua ni marahaba. Bibi aliyesahau majina ya wajukuu wake wote bado hajasahau marahaba. Unaweza kuwa mgonjwa, unaweza kuwa umelewa, unaweza kuwa umevunjika mguu kwenye miiba ya Ulaya, lakini mtoto akikuamkia, neno hilo linatoka lenyewe. Kilichokuwa mle ndani kilikuwa kimesikia lugha yetu mahali. Kilikuwa kinaijaribu mdomoni.

"Iko mama mule!" Tonton akasema, tayari anapiga magoti. "Iko pamoja na nguruwe yenye kuumia! Atamupasua. Shika mbwa."

"Tonton, huyo si mtu."

"Weye!"

"Amejibu shikamoo kwa shikamoo! Mtu hajibu hivyo, wallahi!"

"Shikamoo ni mambo yenu ya Tanzania. Muntu iko mu hatari, weye unaniletea grammaire?"

Na angejuaje? Kwa kina Tonton hakuna shikamoo. Kwao ni jambo, bonjour, na matusi. Lile kosa lilikuwa mbele ya masikio yake na hakuna alichosikia.

Akaita, "Mama! Uko na maumivu?"

"Niko na maumivu," ikajibu. "Kuya, papa."

Mmesikia? Kuya, yaani njoo kwa watu wa Bukavu. Punde tu ilikuwa ya Tanga, sasa hivi imekuwa ya Bukavu, na sauti ni ile ile. Nikamshika Tonton koti kwa mikono miwili. Nilimsihi. Niliapa kwa mama yangu. Unajua alinijibu nini?

"Na ile siku uliniambia Bijou amegongwa na tram? Nilikimbia na pantoufles, ndala za nyumbani, mu mvua. Uliapa vilevile." Akanibandua vidole kimoja kimoja. "Kama uko na woga, sema niko na woga. Si haya. Lakini usinizuie kusaidia muntu."

Akaingia kwa magoti. Niliona soli za buti zake, kisha mwanga wa kichwani kwake unachezacheza kwenye miiba, kisha mwanga ukazimika.

"Tonton?"

Bijou alikuwa ananitetemekea miguuni. Nikafikiri: mimi najua kitu kimoja tu hapa duniani, kudanganya, basi nidanganye. Nikapiga ukelele wa mtu anayeliwa. "Tonton! Nguruwe yuko huku! Ananing'ata, Tonton!"

"Nakuya!" Ilikuwa sauti ya Tonton, upande wa kushoto.

"Nakuya!" Sauti ya Tonton, upande wa kulia.

Zote mbili na kohozi lake la sigara. Zote mbili zinatambaa kuja, miiba inavunjika kushoto, miiba inavunjika kulia. Mungu akanipa akili ya dakika moja. Nikasema moyoni, Tonton wa kweli atanitukana. Nikaita kwa nguvu, "Shikamoo, Tonton!"

Kulia: "Shikamoo ya nini, imbécile! Taa yangu imekufa, leta ya—"

Ikakatika. Katikati ya neno, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kushoto: "Shikamoo."

Nikaelekeza tochi kulia, nikaanza kuingia, haki ya Mungu nilianza, kichwa na bega vilikuwa ndani tayari. Ndipo Bijou alipokimbia. Kamba ilikuwa imefungwa mkononi kwangu. Alinitoa mle kwa mgongo, akaniburuta kwenye majani mpaka nikajigonga kwenye mti, tochi ikaruka. Nilipoipata na kumulika, Tonton alikuwa amesimama nje ya kichaka, anajipangusa magoti. Alitokea upande gani? Sikuona. Kila siku najiuliza, na sikuona.

"Nguruwe imekufa," akasema. "Hakuna mama."

Akapiga filimbi. Mlinzi akaja, akamvuta nguruwe nje kwa miguu ya nyuma. Mnyama alikuwa amekauka kama ubao. Mlinzi akamgusa tumbo, akamgusa jichoni, akasema huyu si wa leo mchana, huyu ana siku nzima au zaidi tangu afe. Nikamwonyesha zile karatasi zenye damu nilizozitia mfukoni, bado mbichi. Akaziangalia, akanirudishia, akajifuta vidole.

Njiani Tonton aliendesha gari bila kutukana hata mtu mmoja. Kwenye barabara kuu ya Auderghem, Jumamosi jioni, foleni! Bijou alijibana nyuma kabisa, mbali na kiti chake, na tulipofika hakutaka kuingia nyumbani kwao. Alipanda ngazi nyuma yangu akalala kwenye zulia letu la mlangoni. Mama alipiga kelele, alimwaga maji, alitishia kuita polisi. Mbwa hakutoka. Usiku ule na kila usiku uliofuata, uso wake umeangalia ngazi.

Asubuhi yake nilikutana na Tonton akitoa takataka. Akanitazama muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Shikamoo."

Mtu wa sitini, kwangu mimi! Na neno asilolitumia kabisa!

Nilipita kama kiziwi. Tangu hapo ni kila siku, kwenye ngazi, kwenye masanduku ya barua, mara moja hata nyuma ya mlango wetu, kwa sauti ya chini: shikamoo. Analitamka vizuri zaidi kila mara. Halalamiki nisipoitika. Anasubiri tu, kichwa kimeinama upande, kama mwanafunzi anayengoja asahihishwe. Na mimi najua anachongoja. Kile kitu hakina neno la pili. Hakijawahi kupewa. Sikukipa, na siwezi kusema marahaba tena kwa mtoto yeyote, hata mdogo wangu nikamfundisha anisalimie kwa bonjour.

Niliogopa kumweleza Mama. Nitamwambiaje bila kutaja nguruwe? Nilikuwa natafuta maneno, nachagua siku. Juzi tunapanda na mifuko ya sokoni, yeye mbele, mimi nyuma, Tonton akafungua mlango wake.

"Shikamoo," akamwambia.

Nilitaka kupiga ukelele. Nadhani nilipiga. Lakini Mama alikuwa anacheka tayari.

"Makubwa! Shemeji, leo umenifanya bibi kizee?" Na kwa ile adabu ya kwetu, isiyongoja ruhusa ya kichwa: "Marahaba."

Tonton akafumba macho. Akalirudia polepole, kama anayeonja kitu: "Ma-ra-ha-ba." Akafunga mlango.

Basi sikilizeni, na safari hii sina utani hata chembe. Mahali pasipo na mlango usipige hodi. Na ukiamkiwa shikamoo na aliyekuzidi umri, awe nani, awe wa nyumbani kwako, pita kimya, akuite huna adabu. Mimi nimechelewa kusema. Leo asubuhi nimefungua mlango wetu, na kwenye zulia hapakuwa na mbwa. Nimemkuta Bijou nje, barabarani, kwenye mvua. Nimemwita aingie. Ameniangalia, kisha akaangalia dirisha la jikoni kwetu, ambako Mama alikuwa anatupungia mkono, kichwa kimeinama upande, na akarudi nyuma.