Nilifuta sauti ya mama nikidhani iko kwenye disketi

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mzee sasa, sina haja ya kupamba. Haya yalitokea, na kosa ni langu.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha computer kwenye chumba cha kukodi mtaani Amalemba. Nilikuwa na masomo ya sekondari tu, mengine nilijifunza kwa vitabu.

Nikatengeneza programu ndogo: dirisha moja, vitufe sita. Ukibonyeza kitufe, sauti inacheza.

Sauti ilikuwa ya mama. Alikuja kutoka Shinyalu akiwa na kuku kwapani, nikamwekea maikrofoni. Akarekodi maneno ya kutumiwa mdogo wangu Ambani, aliyekuwa Canada. Nilipomchezea mama sauti yake, alicheka: "Wewe! Huyu mama mzee ni nani?"

Miezi michache baadaye akafariki. Ambani hakuweza kuja mazishi. Akapiga simu: "Kaka, basi nitumie hiyo sauti. Watoto wangu hawajawahi kumsikia."

Nikanakili programu kwenye disketi. Nikaijaribu palepale, kwenye mashine ileile. Mama akaongea vizuri. Nikaituma.

Kisha, kwa sababu mashine ilikuwa imejaa na wanafunzi walitaka nafasi, nikafuta zile file za sauti.

Vijana mtacheka. Programu haikuwa imebeba sauti. Ilikuwa inazisoma kutoka diski ya C: ya mashine yangu, hata nilipokuwa naijaribu. Kwenye disketi kulikuwa na vitufe tu.

Ambani akapiga tena. Alikuwa amewaketisha watoto mbele ya computer ya rafiki yake. "Kaka, hii kitu inaandika 'File not found'. Tunabonyeza tu."

Nikamwambia disketi imeharibika njiani, na mashine yangu imekufa. Yote mawili uongo. Nilikaa nao zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka jana alikuja nyumbani, nikamweleza ukweli. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Alisema nini?"

Nikamwambia: aliuliza kama huko mnapata obusuma, ugali wetu. Na akasema usitoke bila sweta.

"Na ingine?"

Kati ya vitufe sita, nilikumbuka viwili.

Nilichojifunza: jaribu nakala kwenye mashine nyingine kabla hujafuta chochote. Na ukikosea, sema mapema. Ningesema mwaka ule, ningemwambia vyote sita.

Kama nawe umewahi kumpotezea mtu kitu cha namna hii, andika hapa chini. Nitasoma.